Nani Ataingiza Mkono?

Kule kituo cha msitu, njia ya kwenda Kinsevere, wageni walikuwa wanaingia ukumbi wa maonyesho kwa mlango wa mbele na kutokea mlango wa nyuma bila hata kupunguza mwendo. Walipiga picha karibu na swala wa mbao. Mmoja alisoma jina la Kilatini la mti fulani kwa sauti ya padri, wenzake wakacheka, kisha wote wakaenda kutafuta soda baridi. Germaine aliyaona hayo akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, maana aliletwa pale kuandika vibao, hakuletwa kufikiri.

Lakini kichwa cha Germaine hakijui kukaa bure. Kabla ya kituo alikuwa anachora vibao vya saluni na vya maduka pale mtaa wa Ruashi, na fundi wa vibao anajua neno moja tu: kibao kisichomsimamisha mpita njia ni kuni. Basi akaanza kuwachunguza wageni. Alishuka ngazi, akajibanza kwenye kona nyuma ya swala, kimya kabisa, akaangalia miguu yao inasimama wapi na macho yao yanaruka nini. Akasikiliza wanavyoambiana wakidhani hakuna anayewasikia. Na maswali yao yalikuwa yale yale, kila siku ya Mungu. Inalikwa? Inauma? Ni dawa ya nini?

Alimpelekea habari hiyo mkuu wa kituo, Monsieur Casimir, mtu mpole aliyesomea misitu na kuipenda kweli.

“Chef, sisi tunabaambia bintu habakuuliza. Tubaachie kwanza baulize.”

“Maman Germaine,” Casimir alisema, “fanya. Kama inaharibika, tutaharibikiwa pamoja.”

Basi akafanya. Majina ya Kilatini akayashusha chini, kwa herufi ndogo. Juu akaweka vimilango vya mbao, kila kimoja na swali lake. Penye mafinkubala, wale viwavi ambao Lubumbashi nzima inawala kwa bukari, ugali wa kwao, aliandika: Inalikwa? Ukifungua kimlango unasoma: Eeh. Lakini ukikata muti yote juu ya kuwaokota, mwaka kesho utakula nini? Loo! Watu wakaanza kusimama. Wakafungua, wakafunga, wakaitana. Mzee mmoja alibishana na kimlango cha uyoga mpaka mkewe akamvuta koti.

Hapo ndipo Germaine alipopata kiburi kidogo. Nami simlaumu, maana mtu akifanikiwa mara moja hudhani ameshika ufunguo wa nyumba yote. Akataka kitu kikubwa, kitu ambacho mgeni atakisimulia mpaka nyumbani. Akatengeneza sanduku. Lilikuwa refu kama kabati lililolazwa, limepakwa rangi nyeusi, na mbele lina tundu lililofunikwa kitambaa. Ndani aliweka vitu vya msitu, safi, visivyouma wala kuchoma. Mgeni ataingiza mkono bila kuona, atapapasa, atabahatisha.

Casimir alilizunguka sanduku lile mara mbili.

“Maman Germaine, bantu ba huku balifundishwaka na bamama yabo: tundu ni ya nyoka.”

“Bataingiza, chef. Kuona, muntu anachoka. Kutoyua inamuwasha kama upele, lazima ajikune.”

Casimir akakubali, ila akamkumbusha jambo ambalo wote wawili walikuwa wanaliogopa. Rais wa komite ya kituo, Monsieur Symphorien wa kule Golf, mtaa wa matajiri, alikuwa amechoka na ukumbi usiojaa. Kila Jumamosi Lubumbashi ina harusi, alisema, na maharusi wanatafuta ukumbi. Kwa nini huu wetu ukae na swala wa mbao? Jumamosi ya wiki inayofuata shule moja ya Ruashi italeta watoto, naye Symphorien atakuja kuangalia. Watoto wakisimama, ukumbi unabaki. Wakipita tu, vitapangwa viti vya plastiki, na Germaine atarudi kwenye vibao vyake vya saluni. Na Liévin, mumewe, hakuwa na kazi, maana lori alilokuwa anaendesha lilikuwa limepumzishwa na mwenye mali tangu mvua za mwisho. Mshahara wa Germaine ndio uliokuwa unasongesha bukari nyumbani.

*

Wa kwanza kulijaribu sanduku walikuwa kwaya moja ya Ruashi, waliokuja siku ile kutembea. Germaine alikuwa kwenye kona yake.

“Nani iko mule ndani?” aliuliza mama mmoja.

“Hakuna muntu, mama,” Casimir akajibu. “Ni bintu tu.”

“Bintu gani?”

“Weka mukono, utayua.”

“Aa! Mukono yangu ni ya kufulia na kupikia. Weka yako.”

Casimir akacheka, hakuweka. Germaine naye hakutoka kwenye kona, alitaka kuona mambo yaende yenyewe. Wanakwaya wakasukumana, wakataniana, mpaka kijana mmoja wa sauti nzito akasukumwa mbele na wenzake. Akafumba macho, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akagusa kitu chenye nywele. Yesu Maria! Alipiga kelele ambayo kwenye kwaya hajawahi kuifikia, akatoka mbio na kiatu kimoja, na kwaya yote nyuma yake.

Kiatu kile Casimir alikirudisha mwenyewe hadi parokiani. Lakini maneno yalikuwa yametangulia. Kabla jua halijazama, Ruashi yote ilikuwa inajua kwamba kule kwa Mama Keren, ndivyo mtaani wanavyomwita Germaine kwa jina la mtoto wake, kuna sanduku jeusi linalokula bahati za watu. Unaingiza mkono wenye bahati, unatoa mkono mtupu. Wengine wakasema ndani mna mkono mwingine unaokushika. Wengine wakaongeza kwamba bahati zinazokusanywa zinauzwa kwa wachimba shaba, ndiyo maana mishipa ya madini haiishi. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

*

Jumapili ilikuwa zamu ya nyumba ya Liévin kupokea shirika, ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja baada ya misa. Germaine alikuwa ametengeneza munkoyo tangu Ijumaa, kinywaji cha mahindi kilicholala vizuri, chenye uchachu wa kukata kiu. Mama mkwe wake, mama Kasonde, alifagia lupango, ule ua wa nyumba, mpaka mchanga ukaonyesha michirizi ya ufagio. Viti viliazimwa. Watu walikuja, ila hawakuwa wengi kama siku zote.

Sala ilikwenda vizuri. Kisha Germaine akamimina munkoyo kwenye vikombe, akavigawa kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, akarudi kusimama pembeni mwa mlango. Akaangalia.

Vikombe vilikaa mikononi.

Mama Mbambu alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye depo ya unga na sabuni, na tena rais wa komite ya wazazi wa shule ile ile iliyokuwa inangojewa kituoni. Yeye ndiye watu walikuwa wanamtazama. Alikizungusha kikombe chake, akakinusa kidogo, akakiweka chini karibu na mguu wa kiti.

“Aksanti sana, Mama Keren. Nilikula muzuri ku nyumba.”

“Hata mimi,” mwingine akadakia. “Tumbo inaniuma tangu jana,” akasema wa tatu. Ghafla kila mtu alikuwa ameshiba au anaumwa. Vikombe vikashuka chini kimoja kimoja, vimejaa. Kuku alikuja akanywa kwenye kimoja, na hakuna aliyemfukuza. Nadhani walitaka kuona kama atakufa.

Walipoondoka, Liévin alivimwaga vikombe kwenye ndoo, akaibeba ndoo nzito ile ile aliyoitoa asubuhi.

“Mu lupango yangu,” alisema. “Bantu banakatala munkoyo mu lupango yangu mwenyewe! Germaine, ile sanduku, choma moto.”

“Nikichoma ile sanduku, nachoma na kazi.”

“Na jina? Kazi ikiisha tunatafuta ingine. Jina utatafuta wapi?”

Germaine aliokota vikombe vitupu kimoja kimoja. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Alijua watu wale. Mama yule aliyesingizia tumbo alimsaidia kujifungua Keren. Leo amekataa kikombe chake.

Mama Kasonde alikuwa anakusanya viti, naye hasira yake haikuwa ya sanduku hata kidogo.

“Miye naona haya juu ya kintu kingine,” alifoka. “Weye Mama Keren, nani alikulea? Unabapa bantu munkoyo, unaenda kusimama ku mulango kama polisi! Hata kuonja hauonje! Hata muuza lotoko, mulevi yule, anamimina, anaonja mbele, kisha anakupa. Ni bile hata bawazimu banafanya. Bageni banakaa na vikombe, weye unabaangalia tu. Unaangalia nini?”

“Mama, nilisahau…”

“Tangu uingie ile kazi, unaangalia bantu kama sinema.”

Germaine alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mama mkwe aliendelea kufoka, lakini yeye alikuwa ameacha kumsikia. Alikuwa anauona ukumbi: Casimir anacheka bila kuweka mkono, na yeye mwenyewe yuko nyuma ya swala, akiangalia. Weka yako, yule mama wa kwaya alisema. Alisema waziwazi, kwa Kiswahili, na wote wawili walisikia na hakuna aliyefanya.

“Baba Keren,” aliita. “Uko na musumeno?”

“Ya kukata ile sanduku?”

“Ya kuitoboa tena.”

Liévin alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya Julai, katikati ya kiangazi.

*

Jumatatu Casimir alikuwa na habari mbaya. Symphorien alikuwa amepiga simu, uvumi umefika mpaka Golf. “Anasema tutoe sanduku. Tunaweza kuweka kioo, maman Germaine. Wataona ndani, hawataogopa.”

“Kioo, chef, watapita tu. Niache mpaka Jumamosi.” Akamweleza anachotaka: tundu la pili, upande wa nyuma, pana kama la mbele. Mwenyeji akae nyuma, mikono wazi mpaka mabegani, aingize kwanza, mgeni afuate. “Ni kama munkoyo. Mwenye nyumba anaonja mbele.”

Casimir alijipiga paji la uso. “Na mimi niliambiwa niweke, nikacheka!”

Liévin akaja na msumeno, akakata tundu akiwa amegeuza uso pembeni. “Sitaki kuyua iko nini mule,” alisema. “Nakata, basi.”

Ikabaki shule. Germaine alikwenda depo ya Mama Mbambu, akamkuta katikati ya magunia, simu mbili mkononi. Hakupewa kiti. Wateja waliokuja nyuma yake walihudumiwa mbele yake, na kila mmoja alimtazama mikono. Aliishika pamoja juu ya kitenge chake, kisha akajiambia kwamba mwizi ndiye anayeficha mikono, akaiachia.

“Mama Mbambu, nimekuya juu ya batoto.”

“Batoto ba bantu, Mama Keren. Ikibapata kintu, bazazi batakuya kwa nani? Kwa miye.”

“Kuya mwenyewe. Tangulia. Usipopenda, batoto barudi na bisi mbele hawajashuka.”

Mama Mbambu aliacha simu moja iite mpaka ikanyamaza. Uso wake ulikuwa mgumu, lakini macho yalikuwa yanataka kuuliza kitu, na Germaine, aliyekuwa amejifunza kusoma macho ya wageni, aliliona swali lile likipanda na kumezwa.

“Nitakuya,” alisema mwishowe. “Lakini sitakunywa wala sitakula kule.”

*

Jumamosi watoto walishuka kwenye basi bila kungoja Mama Mbambu atangulie, maana nani anaweza kuwazuia watoto ndani ya basi? Walijaa ukumbini, wakapigapiga vimilango, wakasoma kwa kelele, kisha wakalifikia sanduku na kunyamaza wote pamoja. Wakasimama mbali nalo, mgongo ukutani. Mama Mbambu alikuwa mbele yao kama ukuta wa pili, na wazazi wachache waliofuatana naye pembeni. Karibu na mlango alisimama Symphorien katika suti nzuri, macho yake yakiupima ukumbi kwa viti vya harusi.

Germaine hakwenda kwenye kona. Alikaa kwenye kiti nyuma ya sanduku, mbele ya watu wote, akakunja mikono ya blauzi. Akaonyesha viganja, huku na huku. Kisha akaingiza mkono wake wote, mpaka begani, akapapasa ndani, akautoa.

“Munaona? Iko mukono. Na vidole yake yote.”

Mtoto mmoja alicheka kwa hofu. Hakuna aliyesogea. Germaine akaingiza tena, mikono yote miwili safari hii.

“Mama Keren,” sauti ya Mama Mbambu ilitoka juu, baridi. “Weye ni kupika, weye ni kuonja. Unayua biko mule, njo maana hauogope. Muntu anaweza kuyua upande ya kikombe haiko sumu, anakunywa pale.”

Wazazi wakanung'unika kukubali. Ni kweli, wakasema, hata wachawi wanaonja. Kule mlangoni Symphorien alitazama saa yake. Germaine aliona kila kitu kinamponyoka: ukumbi, kazi, kikombe cha munkoyo, jina. Akafanya kitu ambacho hakuwa amekipanga hata kidogo. Akasimama, akaacha kiti.

“Basi kaa huku, Mama Mbambu. Sikia: weka weye kintu mule. Kintu unataka. Hata mu sakosi yako. Miye nitapita mbele, mahali pa bageni. Sitaona. Nitaingiza.”

Watoto wakanyoosha shingo. Mama Mbambu hakulitegemea hilo, na usoni pake lile swali alilolimeza depo likapanda tena, safari hii akashindwa kulimeza. Alikwenda nyuma ya sanduku. Akaketi. Akafungua sakosi, ule mkoba wake, akainama, na mgongo wake mpana ukaficha yote.

“Tayari,” alisema.

Germaine alisimama mbele ya tundu alilolichora mwenyewe, mbele ya kitambaa alichokishona mwenyewe. Na sasa, kwa mara ya kwanza, akaogopa. Aliogopa kweli, jamani, msicheke! Mama yule anamchukia, ameweka nini? Wembe? Siafu? Tundu lilikuwa jeusi, na lote alilofundishwa na mama yake utotoni likamrudia: tundu ni ya nyoka. Kumbe ndiyo hii, akawaza. Kumbe ndiyo hii niliyokuwa nawaomba watu wafanye, mimi nikiwa nyuma ya swala.

Akaingiza vidole. Akaingiza kiganja. Akafika kwenye gamba la kobe, akalijua, akashukuru. Akapita masega makavu ya nyuki, akapita kipande cha kichuguu na ile ngozi ya mbuzi mwitu iliyomkimbiza mwanakwaya. Akasogea mbele zaidi, polepole, mahali ambapo hakuwa ameweka kitu.

Palikuwa na kitu. Kilikuwa na joto. Kilikuwa laini, kina kitu kigumu cha duara juu yake, na kilikuwa kinatetemeka.

Kikamshika.

Germaine alipiga kelele mpaka swala wa mbao akayumba, au ndivyo watoto walivyosimulia baadaye. Aliruka, lakini hakuachiwa. Na kutoka nyuma ya sanduku kukatoka kicheko kikubwa, kicheko cha tumbo, cha mtu aliyekibana wiki nzima.

“Ni miye!” Mama Mbambu alikuwa analia kwa kucheka. “Mukono yangu! Ni miye, Mama Keren! Hauone pete?”

Watoto walilipuka. Casimir alilazimika kukaa chini. Liévin, aliyekuwa amesimama dirishani akijifanya hayupo, aliegemea ukuta akajifuta macho. Na ilipita muda kabla mtu yeyote hajatambua jambo lenyewe: mkono wa Mama Mbambu, rais wa komite ya wazazi, ulikuwa ndani ya sanduku mpaka kwenye kiwiko, na hakuna aliyemlazimisha.

Yeye mwenyewe alitambua wa mwisho. Kicheko kikapungua. Alitazama bega lake, akalitazama tundu. Watu wakangoja autoe. Lakini bega lilisogea mbele, kidogo kidogo, na kichwa kikainama pembeni kama mtu anayesikiliza.

“Hii ya kukwaruza ni nini?” aliuliza kwa sauti ndogo, si ile ya depo. “Iko na matundu matundu. Mama Keren, usiniambie! Ngoja. Ni… Yesu, ni nyumba ya nyuki! Na hii nyingine?”

Hapo mstari ukajipanga wenyewe. Watoto walisukumana pande zote mbili za sanduku, mmoja nyuma na mmoja mbele, wakishikana mikono gizani na kupiga mayowe. Kisha wakaanza kuleta vitu vyao: jani, kifuniko cha kalamu, ganda la karanga. Waliviweka na kuwaita wakubwa waje wabahatishe. Germaine hakuwa amewaza hilo, na aliliona kuwa zuri kuliko yote aliyoyawaza. Walimu waliita basi, hakuna aliyetoka. Symphorien aliangalia saa, akaivua, akaitia mfukoni, akasimama nyuma ya msichana mwenye nywele za kusuka, akingoja zamu yake.

Jua lilipopinda Mama Mbambu alitoka nje, akaketi kwenye benchi kivulini, akijipepea kwa kitambaa. Germaine akaja kuketi, akaacha nafasi kati yao.

“Ulikuwa unatetemeka mule ndani,” Germaine alisema.

“Na weye haukutetemeka?”

“Nilitetemeka.”

Mama Mbambu akachezea pete yake. Basi lilipiga honi, watoto bado wanapiga kelele ndani.

“Ile munkoyo ya Jumapili,” alisema bila kumtazama. “Ilibakia?”

“Tuliimwaga, mama. Ilichacha.”

“Mmm. Ilikuwa inanukia muzuri.” Akasimama, akafunga kitenge upya, akashika sakosi yake. “Fanya ingine. Nitapita kesho, nyuma ya misa. Lakini weye utakunywa mbele.”

“Nitakunywa mbele,” Germaine alisema.